Mtu na Raia: Uhakiki wa Tamko la Haki la Ufaransa la Mwaka 1789 na Wasomaji Ambao Halikuwakusudia

Ikisiri

Makala hii inahakiki Tamko la Haki za Mtu na Raia, lililopitishwa na Bunge la Taifa la Ufaransa tarehe 26 Agosti 1789, kwa kulisoma kama matini yenye lugha, muundo na wasomaji wake. Swali linaloongoza uhakiki ni hili: fikra za kifalsafa kuhusu urazini na haki ziligeukaje kuwa nguvu ya kubadili serikali na jamii? Makala inajenga hoja kwamba mabadiliko makubwa hayakutokana na falsafa peke yake, wala na waandishi wa Tamko peke yao. Yalitokana na pengo lililoachwa katikati ya maneno mawili, "mtu" na "raia", pamoja na juhudi za wale waliolisoma pengo hilo kwa manufaa yao: wanawake, watu huru wenye asili mchanganyiko na watumwa wa makoloni. Aidha, makala inaonesha kuwa tafsiri ya Kiswahili ya maneno hayo hulifunika pengo lenyewe, na hivyo humdai mhakiki wa Kiswahili uangalifu wa pekee.

1.0 Utangulizi

Zama za Mwangaza, yaani kipindi cha karne ya 17 na ya 18 ambapo wanafalsafa wa Ulaya waliinua urazini wa binadamu juu ya mapokeo na amri za wafalme, huelezwa kwa mfuatano uliozoeleka. John Locke alieleza haki asilia mwishoni mwa karne ya 17. Montesquieu alitetea mgawanyo wa madaraka mwaka 1748. Jean-Jacques Rousseau aliandika juu ya mkataba wa kijamii na utashi wa jumla mwaka 1762. Immanuel Kant alimhimiza binadamu atumie akili yake mwenyewe mwaka 1784. Kisha, mwaka 1789, Wafaransa waliuangusha utawala wa kifalme usio na mipaka, na fikra zikawa serikali.

Mfuatano huu una ukweli ndani yake, lakini unaficha jambo. Unachukulia kwamba fikra husafiri zenyewe kutoka kitabuni hadi bungeni, na kutoka bungeni hadi katika maisha ya watu, kama maji yanayoteremka mlimani. Roger Chartier, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu asili za kiutamaduni za Mapinduzi ya Ufaransa, aliutilia shaka mtazamo huo. Kwa maoni yake, inawezekana kusema kwamba Mapinduzi ndiyo yaliyoibuni Mwangaza, kwa kuwa wanamapinduzi walichagua baadaye ni waandishi gani wa kuwaita mababu zao. Makala hii inakubaliana na shaka hiyo, ila inaelekeza jicho mahali pengine. Badala ya kuuliza ni vitabu gani vilivyotangulia Tamko, inauliza ni wasomaji gani waliolifuata.

Suala hili si la kihistoria tu. Likiwa Tamko lilileta haki kwa nguvu ya fikra zake, basi waliobaki nje yake walipaswa kusubiri hadi fikra ziwafikie. Lakini iwapo haki zilipatikana kwa sababu waliobaki nje walilisoma Tamko kinyume na matarajio ya waandishi wake, basi historia ya haki ni historia ya usomaji, na mhakiki wa fasihi ana la kusema ndani yake.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na Nadharia ya Upokezi, hususan mawazo ya Wolfgang Iser na Hans Robert Jauss. Iser aliona kwamba kila matini huacha mapengo ambayo msomaji hulazimika kuyajaza ili maana ikamilike. Jauss aliongeza kuwa msomaji huiendea matini akiwa na upeo wake wa matarajio, na upeo huo hubadilika kulingana na wakati na mahali. Nadharia hii iliasisiwa kwa ajili ya kazi za kubuni. Hata hivyo, inafaa pia kwa matini ya kisheria, kwa sababu sheria nayo haina maana hadi isomwe na mtu anayedai kitu kwayo.

Neno "msomaji" katika makala hii linachukuliwa kwa upana. Wengi waliolipokea Tamko hawakujua kusoma Kifaransa. Walilisikia likizungumzwa bandarini, mezani kwa mabwana zao au sokoni. Usikivu huo nao ni upokezi.

3.0 Kauli ya Jumla na Milango ya Sheria

Tamko lina dibaji na ibara 17. Dibaji yake inabeba imani ya msingi ya Mwangaza: kwamba maovu ya umma na ufisadi wa serikali hutokana na watu kutozijua haki, kuzisahau au kuzidharau. Kwa hiyo, kuziandika na kuziweka mbele ya macho ya wote kutatosha kuikumbusha serikali mipaka yake. Hii ni kauli ya urazini mtupu, kwamba atakayeona atatenda.

Ibara ya kwanza inatamka kwamba watu huzaliwa wakiwa huru na sawa katika haki, na hubaki hivyo. Kuna vitenzi viwili hapa: kuzaliwa na kubaki. Cha kwanza kinaziondoa haki mikononi mwa mfalme, kwa sababu kisichotolewa na mfalme hakiwezi kunyang'anywa naye. Cha pili kinazuia hoja kwamba mtu huzaliwa huru kisha hali ya maisha ikamfanya mtumwa. Ibara haikutaja Mfaransa, Mkristo, mwenye mali wala mtu mweupe. Nguvu ya Tamko imo katika kutotaja huko.

Msomaji akiendelea, anakutana na jambo jingine. Kuanzia ibara ya 4 hadi ya 11, ibara zote nane mfululizo zinataja sheria. Uhuru una mpaka, na mpaka huwekwa na sheria. Mtu hakamatwi ila kwa sheria. Maoni hayazuiliwi, mradi yasivuruge utulivu uliowekwa na sheria. Kwa hiyo, kauli ya jumla inatangulia, kisha inafuatwa na safu ya milango, na funguo za milango yote ziko kwa mtunga sheria. Sheria yenyewe, kwa mujibu wa ibara ya 6, ni kielelezo cha utashi wa jumla, dhana inayomkumbusha msomaji Rousseau. Lakini nani anaunda utashi huo? Ibara inajibu kwamba ni raia wote, wao wenyewe au kupitia wawakilishi wao.

Hapo ndipo maneno mawili ya jina la Tamko yanapoachana. Mfano ulio wazi ni ibara ya 11. Inaanza kwa kueleza kwamba kupashana fikra na maoni ni miongoni mwa haki zenye thamani kubwa za mtu. Inaendelea kwa kuhitimisha kuwa, kwa sababu hiyo, kila raia anaweza kusema, kuandika na kuchapisha. Kiini cha sentensi kimebadilika katikati ya safari. Aliyeingia ni mtu, aliyetoka ni raia. Ibara haielezi ni kwa utaratibu gani mmoja aligeuka kuwa mwingine, wala nini kinampata mtu asiye raia. Kwa istilahi ya Iser, hili ni pengo.

4.0 Namna Serikali Ilivyolijaza Pengo

Si haki kusema kwamba Tamko lilibaki kuwa maneno. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, wiki tatu kabla ya kupitishwa kwake, Bunge lilikuwa limetangaza kuondoa fadhila za kikabaila. Mwaka 1790 nchi iligawanywa upya katika idara 83 badala ya majimbo ya kale yaliyokuwa na sheria na kodi zinazotofautiana. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1791 iliacha kuutambua uchawi na kufuru kuwa makosa ya jinai, hatua iliyolingana na mawazo ya Cesare Beccaria, ambaye mwaka 1764 alisisitiza kuwa adhabu ipimwe kwa madhara yanayoipata jamii. Mnamo Septemba 1792 talaka iliruhusiwa, na mke alipewa haki ya kuidai sawa na mume. Haya ni mabadiliko yaliyoingia hadi ndani ya nyumba za watu.

Lakini Bunge hilohilo lililijaza pengo la mtu na raia kwa namna yake. Emmanuel Sieyès alipendekeza mnamo Julai 1789 kutofautisha raia hai na raia tuli, na Katiba ya mwaka 1791 ikaupa mgawanyo huo nguvu ya sheria. Raia hai, mwenye kupiga kura, alipaswa kuwa mwanamume mwenye umri wa miaka 25 au zaidi, alipaye kodi inayolingana na ujira wa siku tatu za kazi, na asiyekuwa mtumishi wa nyumbani. Katika nchi yenye watu wapatao milioni 28, waliofuzu walikuwa zaidi kidogo ya milioni 4. Wayahudi wa kusini-magharibi walitambuliwa kuwa raia Januari 1790, ilhali wale wa mashariki walisubiri hadi Septemba 1791. Wanawake wote walikuwa raia tuli. Watumwa hawakutajwa kabisa.

Karl Marx, katika makala iliyochapishwa mwaka 1844, aliona kwamba "mtu" wa Tamko hakuwa binadamu wa jumla bali mwanajamii wa kibwanyenye, mwenye mali na aliyejitenga na wenzake. Ushahidi upo, kwani ibara ya 17, ambayo ni ya mwisho, inaiita mali kuwa haki takatifu. Edmund Burke naye, kutoka upande uliopingana, alikwisha kulalamika mwaka 1790 kwamba haki za jumla ni mawazo yaliyotengwa na historia, na kwamba haki za kweli ni zile zirithiwazo katika nchi fulani. Wahakiki hawa wawili wanatofautiana karibu katika kila jambo, lakini wanafanana kwa hili: wote wanamsoma mwandishi. Hakuna kati yao anayemsoma msomaji.

5.0 Wasomaji Ambao Tamko Halikuwakusudia

5.1 Olympe de Gouges

Mnamo Septemba 1791 mwandishi wa tamthilia Olympe de Gouges alichapisha Tamko la Haki za Mwanamke na Raia wa Kike. Kifani, kazi hii ni usomaji uliogeuzwa kuwa uandishi. De Gouges aliuchukua muundo wa ibara 17 na kuufuata hatua kwa hatua, akiweka mwanamke pale palipokuwa na neno "homme", ambalo katika Kifaransa ni "mtu" na pia ni "mwanamume". Kwa kufanya hivyo aliwalazimisha waandishi wa mwaka 1789 kuchagua. Kama neno hilo lilimaanisha binadamu, basi maandishi yake hayakuongeza lolote, na wanawake walikuwa raia tangu mwanzo. Kama lilimaanisha mwanamume, basi Tamko halikuwa la jumla kama lilivyodai.

Hoja yake mashuhuri zaidi imo katika ibara ya 10, ambamo anadai kwamba, kwa kuwa mwanamke anaweza kupandishwa mahali pa kuuawa kwa hukumu ya sheria, anastahili pia kupanda mahali pa kuhutubia. Kiswahili kinaipa hoja hii ukali wa ziada, kwa sababu pote pawili tunapaita jukwaa. Serikali iliyomtambua mwanamke kwenye jukwaa la kwanza haikuwa na sababu ya kirazini ya kumkatalia la pili. De Gouges aliuawa kwa gilotini tarehe 3 Novemba 1793. Wanawake wa Ufaransa walipewa haki ya kupiga kura mwaka 1944.

Condorcet, mwanahisabati na mwanafalsafa, alikuwa ametoa hoja ya kuwaingiza wanawake katika uraia mwaka 1790, kwa mantiki iliyonyooka: haki hutokana na uwezo wa kufikiri, na wanawake wana uwezo huo. Bunge halikumfuata. Hili linatosha kuonesha kwamba tatizo halikuwa upungufu wa hoja.

5.2 Saint-Domingue

Koloni la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti, lilikuwa na watumwa wapatao nusu milioni wakati Tamko lilipopitishwa. Wamiliki wa mashamba makubwa waliokuwa Paris walianzisha kundi lililojulikana kama Klabu ya Massiac mwezi uleule wa Agosti 1789, na hofu yao kubwa ilikuwa kwamba Tamko lingefika katika makoloni. Jambo hili linaijeruhi dibaji ya Tamko. Wamiliki hao hawakuwa wajinga wa haki, wala hawakuzisahau. Walizielewa vizuri kabisa, na kwa sababu waliona mbali, walijitahidi zisivuke bahari. Imani kwamba uonevu hutokana na kutojua haikustahimili mtihani wake wa kwanza.

Watu huru wenye asili mchanganyiko walitangulia kudai. Vincent Ogé aliongoza uasi mnamo Oktoba 1790 akitaka haki za kisiasa kwa watu wa tabaka lake, akauawa kikatili mwanzoni mwa 1791. Bunge liliwapa haki baadhi yao mwezi Mei 1791, likaziondoa Septemba mwaka huohuo, kisha likawapa wote Aprili 1792. Wakati huo watumwa wa uwanda wa kaskazini walikuwa tayari wameinuka, tangu usiku wa tarehe 22 Agosti 1791. Kamishna Léger-Félicité Sonthonax alitangaza uhuru wa watumwa wa kaskazini tarehe 29 Agosti 1793, na Konvensheni, yaani bunge lililokuwepo Paris wakati huo, ikaufuta utumwa katika makoloni yote tarehe 4 Februari 1794.

Ni lazima tusizidishe. Sehemu kubwa ya watumwa hao walizaliwa Afrika, na John Thornton alionesha mwaka 1993 kuwa mawazo ya kisiasa ya ufalme wa Kongo yalikuwa hai miongoni mwa waasi. Hivyo, si kweli kwamba walihitaji Paris iwafundishe kuutaka uhuru. Walichokipata katika Tamko ni lugha ambayo Paris isingeweza kuikana bila kujikana yenyewe.

Matini walizoziandika baadaye zinathibitisha usomaji huu. Katiba ya mwaka 1801, iliyotolewa chini ya Toussaint Louverture, inatamka katika ibara ya 3 kwamba watu wa kisiwani huzaliwa, huishi na hufa wakiwa huru na Wafaransa. Vitenzi viwili vya 1789 vimekuwa vitatu. Pale Tamko liliposema kwamba uhuru hubaki, Katiba hii inausindikiza hadi kaburini, kwa kuwa waliokuwa watumwa walijua jinsi neno la jumla linavyoweza kupita juu ya maisha ya mtu bila kuyagusa. Hata hivyo, Katiba hiyohiyo ilimfanya Toussaint kuwa gavana wa maisha na ikawafunga wakulima katika mashamba. Waliokuwa nje ya Tamko nao waliweza kujenga milango yao.

Baada ya sheria ya Napoléon Bonaparte ya Mei 1802 kuurudisha utumwa katika makoloni, na baada ya vita vilivyoishia kwenye uhuru wa Haiti tarehe 1 Januari 1804, Katiba ya mwaka 1805 ilikwenda mbali zaidi. Ibara yake ya 14 iliamua kwamba Wahaiti wote wataitwa Weusi, na Katiba iliwajumuisha katika uraia baadhi ya Wajerumani na Wapolandi waliobaki nchini. Kwa mara hii jina la jumla lilitoka kwa wale ambao jumla ya awali iliwaacha nje. Michel-Rolph Trouillot aliandika mwaka 1995 kwamba mapinduzi haya hayakuweza kufikirika kwa Wazungu hata yalipokuwa yakitokea. Tunakubali kwa upande wa fikra. Lakini kwa upande wa sarufi yalikuwa yameandikwa tayari katika ibara ya kwanza, na ndiyo maana Klabu ya Massiac iliyaogopa kabla hayajatokea.

5.3 Visiwa vya Bahari ya Hindi

Lynn Hunt, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu asili ya haki za binadamu, anaona kwamba haki zikishatangazwa huwa na mantiki yake ya ndani: kundi moja likipewa, la pili huuliza kwa nini lisipewe. Maelezo haya yana mvuto, lakini mfano mmoja unayapunguzia nguvu, nao unaigusa pwani yetu moja kwa moja.

Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Watumwa kutoka Kilwa, Msumbiji na Madagaska walipelekwa katika visiwa vya Île de France, ambacho sasa ni Mauritius, na Bourbon, ambacho sasa ni Réunion. Sheria ya Februari 1794 iliwahusu pia. Lakini mawakala wawili wa serikali, Baco na Burnel, walipofika Île de France mwaka 1796 kuitekeleza, walowezi waliwafukuza. Utumwa uliendelea Mauritius hadi mwaka 1835, wakati huo ikiwa chini ya Uingereza, na Réunion hadi mwaka 1848.

Tamko ni lilelile, sheria ni ileile, na Jamhuri ni ileile. Mantiki ya ndani ilikuwa sawa katika bahari zote mbili, ila matokeo yalitofautiana. Tofauti ilikuwa katika nguvu. Kule Saint-Domingue sheria ya 1794 ilithibitisha uhuru ambao watumwa walikwisha kuunyakua kwa silaha, ilhali kule Île de France walowezi ndio waliokuwa wamejipanga. Haki iliyoandikwa bila msomaji mwenye uwezo wa kuidai ni barua isiyofunguliwa.

Mhakiki wa Kiswahili hawezi kuukwepa upande wa pili wa mfano huu. Katika mkataba wa 1776, mtawala wa pwani alikuwa upande wa wauzaji. Mgawanyo kati ya mtu mwenye jina na mtu asiyehesabiwa haukuletwa wote na meli za Ulaya.

6.0 Pengo Linapofunikwa na Tafsiri

Hadi hapa makala imelisoma Tamko kwa maneno ya Kiswahili kana kwamba yanalingana na ya Kifaransa. Inabidi sasa maneno hayo yenyewe yahakikiwe.

Neno "homme" lina maana mbili zilizounganika. Kiswahili hakina neno la namna hiyo. "Mtu" ni wa ngeli ya A-WA na hana jinsia. "Mwanamume" ana jinsia na hawezi kuwa mwanamke. Mfasiri akichagua "mtu", anaandika Tamko pana kuliko lile lililotekelezwa na Bunge. Akichagua "mwanamume", anaandika Tamko finyu kuliko maneno yake. Kwa vyovyote vile, utata ambao de Gouges aliufanya silaha yake unatoweka. Msomaji wa Kiswahili anayekutana na "Tamko la Haki za Mtu" anaweza kushangaa kwa nini mwanamke alihitaji kuandika tamko lake. Tatizo limetatuliwa na sarufi kabla ya kutatuliwa na sheria. Neno "binadamu", lenye asili ya Kiarabu na maana ya mwana wa Adamu, nalo limepokewa katika Kiswahili kama jina la wote bila kujali jinsia.

Neno "raia" lina historia iliyo kinyume. Asili yake ni neno la Kiarabu lililotumika kwa kundi la mifugo lililo chini ya mchungaji, na kwa watawaliwa walio chini ya mfalme. "Citoyen" wa mwaka 1789 alikusudiwa kuwa kinyume cha hivyo, yaani mshiriki katika mamlaka ya taifa. Katika Kiswahili cha leo, raia ni mwenye uraia wa nchi, na pia ni yule asiye askari. Neno limekua, lakini kivuli cha mchungaji hakijaondoka kabisa. Hivyo, tafsiri hupanua upande mmoja wa jina la Tamko na huinamisha upande mwingine: mtu wetu ni mpana kuliko "homme", na raia wetu ni mnyenyekevu kuliko "citoyen". Pengo kati yao halizibwi na tafsiri, linahamishwa tu.

Hili lina uzito katika kusoma matini za haki zilizoandikwa kwa Kiswahili chenyewe. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania iliingiziwa sehemu ya haki kwa marekebisho ya mwaka 1984. Ibara ya 12 inamtaja binadamu, kwamba huzaliwa huru na kwamba wote ni sawa. Ibara ya 21, inayohusu kushiriki katika utawala wa nchi, inamtaja raia. Ibara ya 30 inaweka mipaka ya haki kwa mujibu wa sheria. Msomaji aliyelipitia Tamko la 1789 ataitambua safu hii: kauli ya jumla, kubadilika kwa mtajwa, kisha mlango wa sheria. Utambuzi huo hauishushi hadhi Katiba. Unamwonesha msomaji mahali pa kusimama anapoisoma.

7.0 Hitimisho

Makala hii imechunguza namna fikra za urazini na haki zilivyobadili serikali na jamii kwa kulihakiki Tamko la mwaka 1789. Imebainika, kwanza, kwamba Tamko lilitoa kauli ya jumla isiyotaja waliomo na wasiokuwemo, kisha likaikabidhi sheria kazi ya kuamua. Pili, serikali ililijaza pengo kati ya mtu na raia kwa kuzingatia mali, jinsia na rangi. Tatu, walioachwa nje walilijaza pengo hilohilo kwa usomaji wao: de Gouges kwa kalamu, watu wa Saint-Domingue kwa silaha na kwa katiba zao. Nne, usomaji bila nguvu ya kudai haukutosha, kama visiwa vya Bahari ya Hindi vinavyoonesha.

Kwa msingi huo, wanafalsafa wa Mwangaza wanastahili sifa kwa kuandika sentensi ambazo hazikuwa na uzio. Ila kazi ya kuzichukua sentensi hizo kama zilivyoandikwa, bila kukubali uzio uliojengwa baadaye, ilifanywa na wengine, na wengi wao walilipa kwa maisha yao. Makala inapendekeza kwamba ufundishaji wa falsafa ya haki kwa Kiswahili uzisome matini za 1791, 1801 na 1805 sambamba na Tamko la 1789, wala usizichukue kama viambatisho vyake. Aidha, watafiti wa tafsiri wayachunguze maneno "mtu", "binadamu", "raia" na "mwananchi" katika katiba na sheria za Afrika Mashariki, ibara kwa ibara, ili ijulikane katika kila ibara ni nani hasa anayetajwa, na ni nani aliyeachwa mlangoni.